Kituo cha mikutano Dodoma: kijengwe mjini, uwanja wa ndege wa zamani, Nzuguni au Mtumba?

Kumbi Dodoma zipo. Bunge lina zake, ukiwamo Ukumbi wa Pius Msekwa. CCM ina Ukumbi wa Jakaya Kikwete, uliotumika kwenye mkutano mkuu wa 2015. Kisasa kuna St. Gaspar, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kina kumbi zake, Morena na Dodoma Hotel zina zao, na Halmashauri ya Jiji nayo ikajenga hoteli yake katikati ya mji. Anayetafuta pa kukusanyia watu 200 kwa semina ya siku mbili hakosi, ila asubiri zamu yake Bunge likiwa limekaa.

Tatizo huanza ukiwa na watu 1,500. Ufunguzi unafanyika ukumbi huu, makundi ya majadiliano yanapelekwa hoteli tatu tofauti, maonesho yanawekwa kwenye mahema nje, na chakula cha mchana kinaliwa kwa awamu mbili. Mratibu siku nzima yuko kwenye simu akiuliza Coaster namba nne imefika wapi. Kinachohitajika ni kituo kimoja chenye ukumbi mkubwa, vyumba vidogo kumi au zaidi, sehemu ya maonesho, vibanda vya wakalimani na jiko la kueleweka, vyote ndani ya uzio mmoja.

Swali ni kiwe wapi na kijengwe vipi. Hapa nalinganisha maeneo manne yanayotajwa au yanayostahili kutajwa, kisha namna za kujenga na za kulipia. Nianze kwa kusema ninapoegemea: kituo kikae karibu na mahali washiriki wanapolala na kula, na kwa Dodoma ya leo hapo ni mjini na pembezoni mwake pa karibu. Anayetaka Mtumba ana hoja zake, nitazifikia.

Chimwaga na Kizota zinatuambia nini

Mji huu umeshajaribu kujenga ukumbi mkubwa nje ya mji. Chimwaga ilijengwa na CCM kwa ajili ya mikutano yake mikuu, na hapo ndipo Benjamin Mkapa alipoteuliwa kugombea urais mwaka 1995. Ulikuwa ukumbi wa heshima, mkubwa, na mbali. Mkutano mkuu ukiisha, wajumbe wakirudi kwao, ulibaki na kilima na upepo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza, kilianzia kwenye majengo hayo hayo. Kwa chuo ilikuwa bahati nzuri. Kwa hoja ya ukumbi wa mikutano ni ushahidi kwamba jengo la tukio moja kubwa kila baada ya miaka kadhaa halijiendeshi lenyewe.

Baadaye ikawa Kizota, upande wa barabara ya Singida, kwenye eneo la viwanda. Mkutano mkuu wa 2012 ulifanyika huko. Nako mtu akitoka nje ya geti jioni hana pa kwenda kwa miguu.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ninachokitumia hakipo kwenye vitabu vingi vya upembuzi yakinifu: saa kumi na moja jioni, kikao kikiahirishwa, mshiriki anafanya nini? Akiweza kutembea dakika kumi akapata chumba, nyama choma, duka la dawa na bajaji, fedha ya mkutano inaingia mjini. Akilazimika kusubiri basi, inaishia kwa mwenye basi. Kigezo cha pili ni kalenda: jengo litakuwa na shughuli Februari na Julai kama lilivyo na shughuli siku za mkutano mkuu? Cha tatu ni nani atalipia taa, kiyoyozi na paa linalovuja baada ya miaka kumi.

Katikati: Uhindini, Nyerere Square, stesheni ya zamani

Kwa kigezo cha kwanza hapa hapashindiki. Hoteli na gesti za bei zote zipo kwa miguu, soko la Majengo lipo, kuku wa Chako ni Chako wapo, benki zimepangana. Mshiriki kutoka Kondoa mwenye posho ya kawaida anapata pa kulala, na balozi naye anapata. Biashara ndogo hazihitaji kuhamishwa ziufuate mkutano, kwa sababu zilitangulia.

Nairobi ilifanya hivyo. KICC, kituo chake cha mikutano, ilikamilika mwaka 1973, katikati kabisa ya jiji, na mwaka huo huo ikapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nusu karne baadaye bado inatumika, na sehemu kubwa ya siri yake ni kwamba ofisi za serikali, hoteli na mabasi viko kwenye mitaa ya jirani. Jengo lenyewe lina mnara wa ofisi, hivyo hata wiki isiyo na mkutano watu wanapanda na kushuka.

Shida ya katikati ya Dodoma ni viwanja. Ukumbi wa watu 1,500 wakiwa kwenye meza unataka karibu mita za mraba 3,000 za sakafu isiyo na nguzo katikati, kabla hujaweka korido, vyoo, jiko na stoo ya viti. Ongeza vyumba vidogo na maonesho, unakaribia mita za mraba 8,000. Uhindini viwanja ni vidogo na vimejengwa, kwa hiyo unaanza na fidia, na fidia Tanzania ina tabia ya kula muda kuliko fedha. Ukumbi mpana nao haupendi kupangwa ghorofani juu ya kumbi nyingine: nguzo zinakuwa nene, lifti za mizigo zinakuwa ghali, na watu 1,500 wakitakiwa kutoka kwa dharura ngazi hazitoshi.

Halafu kuna malori. Watu hufikiria magari ya wageni, wanasahau lori la jukwaa, la mahema, la vyakula na la jenereta, ambayo yote yanataka mlango wa nyuma wenye nafasi ya kugeuza. Kwenye mitaa ya zamani ya Uhindini lori moja likikwama limefunga mtaa. Na hili ni makao makuu ya nchi: msafara wa kiongozi ukipita, barabara zinasimama. Ukumbi unaopokea misafara katikati ya mitaa myembamba utawachosha wenye maduka ndani ya mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo katikati panafaa kituo cha watu 600 hadi 800, siyo zaidi. Hiyo si dharau. Mikutano mingi ya mwaka mzima, ya wizara, mashirika, vyama vya wataalamu na SACCOS, iko kwenye kipimo hicho au chini yake.

Uwanja wa ndege wa zamani

Dodoma ina kitu ambacho miji mingi ingelipia kukipata: ardhi kubwa, tambarare, karibu na katikati, majirani zake wakiwa Makole, Area D na Bunge. Ni uwanja wa ndege wa sasa, ninaouita wa zamani kwa sababu uko njiani kuhamwa. Kiwanja kipya cha Msalato, upande wa barabara ya Arusha, kinajengwa kwa barabara ya kurukia ya kilomita 3.6, na safari za abiria zikihamia huko, swali la nini kifanyike hapa mjini litakuja tu. Afadhali lijibiwe mapema.

Faida yake ya kwanza ni kwamba unapata karibu kila kitu cha katikati bila fidia ya mitaa. Kutoka hapo hadi Nyerere Square ni safari fupi ya bajaji, na mtu mwenye miguu anatembea. Wabunge na watumishi wa Bunge wako jirani, hivyo kamati ikitaka kukutana na wadau 300 haitahitaji msafara. Hoteli za Area D na Makole zinafikika.

Faida ya pili haisemwi sana. Lami ya kurukia ndege imejengwa kubeba uzito ambao uwanja wa kawaida wa maegesho haujengwi kuubeba. Ukiiacha kipande chake, una sehemu ya kupanga malori, mahema ya maonesho ya zana za kilimo na vifaa vya madini, na siku za kawaida ni maegesho. Mkandarasi hajamwaga kokoto, tayari una uwanja wa maonesho. Tena ndege zikiondoka, masharti ya urefu wa majengo yanayolinda njia za ndege yanalegea, na hoteli ya ghorofa kadhaa inaweza kusimama pembeni ya ukumbi.

Udhaifu wake ni wa kweli. Huwezi kuanza hadi ndege zihame, na tarehe hiyo haimo mikononi mwa anayetaka ukumbi. Serikali inaweza kuamua kuubakiza kwa ndege za viongozi au za dharura, na ingekuwa na sababu. Ardhi tambarare nayo inatuamisha maji: Dodoma ni kavu miezi mingi, lakini mvua yake ya Desemba hadi Aprili huja kwa nguvu, kama watu wa Nkuhungu wanavyojua, kwa hiyo mifereji ianze kabla ya msingi. Hatari kubwa kuliko zote ni kishawishi cha viwanja. Tangu CDA, mamlaka ya kuendeleza makao makuu, ivunjwe mwaka 2017 na shughuli zake kwenda halmashauri, upimaji na uuzaji wa viwanja umekuwa moyo wa mapato ya jiji. Ardhi ya namna hii ikikatwa vipande vya mita 20 kwa 30, ndani ya mwezi imekwisha.

Nzuguni

Kuna viwanja vya Nanenane, stendi kuu ya mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai. Kwa maonesho ya kilimo hakuna pa kushindana napo, na banda kubwa la kudumu lenye sakafu ya zege lingewaondolea washiriki wa Nanenane vumbi la Agosti. Kwa mkutano unaohitaji utulivu na wakalimani, honi za mabasi zinatosha kufunga mjadala. Pajengwe banda, pasijengwe kituo.

Mtumba

Mji wa Serikali uko kama kilomita 17 mashariki mwa mji, ukazinduliwa Aprili 2019 kwa ofisi ndogo za wizara, na sasa ghorofa za wizara ndizo zinazoonekana. Ardhi imepimwa, barabara za lami zipo, umeme na maji vimefikishwa kwa mpango, ulinzi ni rahisi. Mawaziri na makatibu wakuu wako hapo hapo. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inaunganisha Mtumba na Veyula, na kutoka Veyula Msalato ni jirani. Maana yake mgeni wa kimataifa anaweza kushuka ndege akafika Mtumba bila kugusa foleni ya mjini. Kwa mkutano wa wakuu wa nchi, wenye wageni 400 na walinzi 2,000, Mtumba ndiyo jibu, na mwenye hoja hiyo nampa haki yake.

Lakini mikutano ya wakuu wa nchi ni mingapi kwa mwaka? Siku za kawaida watumishi wanaondoka Mtumba jioni, na washiriki wangeondoka nao. Chukua watu 1,500 wanaolala mjini: kwa Coaster za watu 30 ni safari 50 asubuhi, nyingine 50 jioni, kwenye barabara ile ile ya Dar es Salaam wanayotumia watumishi wa wizara zote saa hizo hizo. Gharama hiyo hailipwi na mwenye ukumbi. Inalipwa na kila mwandaaji, kila mara, milele, na akichoka anahamishia mkutano Arusha.

Wapo wanaosema Mtumba itakua, hoteli zitakuja. Inawezekana. Mpango kabambe wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, nao ulikuwa na kituo kipya cha mji na barabara maalumu za mabasi, na sehemu kubwa ya hayo ilibaki kwenye michoro. Mji ulikua kwa namna yake. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 ndani ya Jiji la Dodoma, wengi wao wakiishi mahali palipokuwa na maji, shule na daladala. Ukumbi uwafuate watu waliopo. Wale wanaotarajiwa wanaweza kujengewa wakifika.

Ukumbi wa ngazi au sakafu bapa

Wanasiasa hupenda ukumbi wa viti vilivyofungwa, vinavyopanda kwa ngazi kama sinema, kwa sababu unapendeza kwenye picha. Arusha, kituo cha mikutano cha AICC kina Ukumbi wa Simba wenye viti kama 1,350, na Dar es Salaam kituo cha Julius Nyerere kina ukumbi mkuu wa watu kama 1,000. Kwa hotuba na kura ni sawa. Kwa chakula cha jioni, maonesho, mahafali, au mkutano wa mezani, viti vilivyofungwa havisogei, na nusu ya wateja umewafukuza.

Dodoma inafaa sakafu bapa, yenye kuta za kukunjwa zinazougawa ukumbi mara tatu. Jumatatu unapokea wadau 1,500, Jumatano kuna semina tatu za watu 400, Jumamosi kuna harusi. Ndiyo, harusi. Anayeona harusi inashusha hadhi ya kituo cha taifa ajiulize nani atalipa umeme wa Desemba. Sharti moja tu: kuta hizo ziwe nzito kweli, zinunuliwe kwa kupimwa sauti, maana ukumbi ambao muziki wa chumba cha pili unasikika kwenye mada ya chumba cha kwanza umeshaharibika.

Upande wa hali ya hewa, sijui kwa nini tunajenga masanduku ya vioo. Dodoma iko juu ya mita 1,100, jioni na asubuhi zake ni za baridi nzuri, na hewa ni kavu. Korido pana zilizo wazi upande mmoja, baraza lenye kivuli na ua wenye miti vingemaliza haja ya kiyoyozi kwenye sehemu yote ya chai ya saa nne, kikabaki cha ndani ya ukumbi tu. Upepo wa Juni hadi Septemba una vumbi, kwa hiyo milango mikuu isitazame mashariki unakotoka.

Maji ni jambo la kuamua kabla ya rangi ya zulia. Mji unategemea zaidi visima vya Makutupora, Mzakwe, na mahitaji yameshapita ukubwa wake wa awali. Lakini paa la mita za mraba 8,000, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, linapokea lita milioni 4.4. Toa zinazopotea, bado una zaidi ya milioni tatu kwa vyoo na bustani, ukiwa na matangi ya chini ya ardhi. Tangi likiongezwa baadaye ni ghali mara kadhaa. Na vyoo viwe vingi upande wa wanawake kuliko ramani za kawaida zinavyotoa, kwa sababu mapumziko ya chai ni nusu saa na foleni ndiyo inayochelewesha kikao.

Tetemeko pia. Dodoma imo kwenye mkono wa Bonde la Ufa, na Novemba 2002 tetemeko lilitikisa mji. Paa pana lisilo na nguzo likokotolewe kwa hilo tangu mwanzo, na mshauri elekezi aulizwe mbele ya watu.

Nani alipe

Ukijenga kwa bajeti ya serikali pekee, kituo ni cha umma na bei inaweza kubaki ya watu, lakini fedha huja kwa vipande na jengo husimama kwenye lenta miaka miwili. Ukitumia mifuko ya hifadhi ya jamii, fedha huja kwa mkupuo, ila hizo ni pensheni za watu. Majengo ya UDOM yalijengwa kwa njia hiyo na marejesho ya serikali kwa mifuko yakawa mjadala wa miaka. Mfuko usiguswe mpaka kuwe na mkataba wa upangaji unaolipika bila kutegemea hisani.

Ubia, ambao sheria yake ipo tangu 2010, unavutia kwa upande mmoja tu wa mradi: vitanda. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, na miezi hiyo tatizo la mjini ni chumba zaidi ya ukumbi. Kigali walielewa hili. Kituo chao, kilichofunguliwa 2016 kikiwa na ukumbi wa watu 2,600, kimejengwa pamoja na hoteli ya vyumba 292 ubavuni. Mwekezaji binafsi atakimbilia hoteli kwa sababu inalipa usiku 300 kwa mwaka. Ukumbi peke yake hataukimbilia. Basi apewe kiwanja cha hoteli kwa sharti la kuchangia uendeshaji wa ukumbi, na ukumbi ubaki mali ya umma.

AICC nayo ina somo. Majengo yake yalikusudiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, na kituo kilichobaki kikaishi kwa kupangisha ofisi, nyumba na kuendesha hospitali pamoja na mikutano. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa mpangaji wake kwa miaka mingi. Kodi ya ofisi ndiyo inayobeba mwezi usio na mkutano.

Ningechagua hivi

Uwanja wa ndege wa zamani, kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ukumbi bapa wa watu 1,500 unaogawanyika, vyumba kumi na viwili, jiko, matangi, na kipande cha lami kibaki kwa maonesho. Awamu ya pili, hoteli ya ubia na ghorofa ya ofisi za kupangisha, ianze tu pale kalenda ya awamu ya kwanza ikijaa. Ikionekana ndege hazitahama ndani ya miaka mitatu minne, usisubiri: jenga kituo cha watu 700 katikati, kwenye ardhi ambayo halmashauri au shirika la umma tayari inaimiliki. Kwa anayejenga kwa ajili ya wakuu wa nchi kwanza na wengine baadaye, Mtumba ibaki chaguo lake, akiweka bei ya mabasi kwenye makadirio kuanzia siku ya kwanza.

La kufanya sasa hivi halihitaji mkandarasi wala zabuni. Matumizi ya ardhi ya uwanja wa zamani yaandikwe kwenye mpango kabambe na kwenye hati kuwa ni ya umma, kwa ajili ya mikutano na maonesho, kabla ndege ya mwisho ya abiria haijahamia Msalato.